Aliyeitikiwa Nyumbani kwa Saado

Watoto wa Muthara hawaipendi mizani ya Sista Marcella. Akishaining'iniza kwenye boriti ya baraza na kumtia mtoto katika kikaptula chake cha turubai, miguu huanza kupiga hewa, na majirani wote hujua kuwa sista amefika. Wapo wanaolia kwa hofu, wapo wanaolia kwa hasira tu, na wapo wajanja wanaonyamaza kwanza, wakamtazama mama usoni, ndipo wakaangua kilio cha kudai haki zao. Marcella alikuwa akipima watoto tangu enzi za mafunzo kule Nkubu alikozaliwa, na asiyelia kabisa hakuwa amekutana naye. Asubuhi ile Ikran, binti wa Saado, hakulia. Alining'inia kimya, macho wazi, akiutazama mlango wa chumba cha kulala.

Marcella akasogea asome mshale. Hapo ndipo aliposikia mtoto akibwabwaja ndani ya nyumba.

Ilikuwa sauti nzuri, nene, sauti ya mtoto anayejichezea baada ya kushiba. "Agu," ikasema. "Agu-aa." Saado, aliyekuwa barazani akikunja nguo za mtoto, hakuinua hata kichwa. Akaitika, "Agu-aa, hooyo, nakusikia," akimwita mtoto "mama" kama Wasomali wafanyavyo, kama mtu anayejibu salamu njiani, akaendelea kukunja.

Marcella akamuuliza ana mgeni gani ndani, na huyo mtoto mwingine ni wa nani. Saado akamtazama kwa mshangao wa kweli. Akamtazama Ikran kwenye mizani, akautazama mlango, na tabasamu lake likapungua kidogo kabla ya kurudi.

"Ni Ikran," akasema. "Siku hizi anaongea sana, Sista. Si ni wewe ulitufundisha?"

"Ikran yuko hapa."

"Ndiyo," Saado akajibu, akaingia jikoni kuleta chai.

Mtu aliyesoma hakosi jibu, na jibu la kwanza kwa kawaida ndilo rahisi. Marcella akajiambia ni mtoto wa jirani. Nyumba za nyuma ya soko zimebanana, mabati yanabeba sauti, na upepo wa Nyambene hauna adabu, unaweza kuchukua kilio huku ukakitupa kule. Akarudi kwenye mshale, na mshale ukamfadhaisha zaidi ya sauti. Ikran alikuwa amepungua. Mwezi uliopita mashavu yake yalikuwa yamejaa hata Marcella akayabinya kwa utani. Sasa ngozi ya mapaja ilikuwa imelegea, na alipombeba alimwona mwepesi kuliko alivyotarajia. Akamuuliza Saado kuhusu kunyonya. Saado akaapa kwamba mtoto ananyonya usiku kucha, anafyonza mpaka yeye anahisi mgongo unauma, na asubuhi matiti ni matupu kabisa.

Basi hayo maziwa yalikuwa yanakwenda wapi? Swali hilo Marcella aliondoka nalo, na halikumpa nafasi ya kukaa.

Sasa, kuhusu somo hilo alilolitaja Saado, msimlaumu Marcella upesi. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea wanawake majumbani, tangu mimba inapoonekana mpaka mtoto anapoanza kutembea, na hakuna aliyeifanya kazi hiyo kwa moyo kama yeye. Aliwafundisha kula, kupumzika, dalili za hatari, chanjo. Na aliwafundisha kuongea na watoto, kwa sababu mtoto anayeongeleshwa hukua akili, na hilo ni kweli tupu. Waja wazito aliwaambia waliongeleshe tumbo, kwani aliye ndani anasikia. Waliojifungua aliwaambia kila sauti ya mtoto ijibiwe. "Isianguke chini," ndivyo alivyopenda kusema. "Akisema agu, nawe sema agu, halafu ungoje akupe zamu yako." Mama akifanya sawasawa, Marcella alipiga makofi mepesi na kumwambia, "Vizuri, mama. Tena." Wanawake wa Muthara walikuwa wakiyaigiza maneno hayo kisimani na kucheka.

Siku alipolileta somo hilo kwa Saado, mama mkwe, Jawahir, alikuwa amekaa pembeni akichambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba kumjibu mtoto unayemwona ni sawa, lakini wao sauti hawaiitikii kama hawauoni mdomo. Mtu anafua nje, anajibu sauti ya ndani. Anapika, anajibu sauti ya chumbani. Hiyo si nzuri. Marcella akatabasamu lile tabasamu la chuoni. Akamweleza mama mzee kwamba hayo ni mambo ya zamani, na kwamba ubongo wa mtoto haungoji mtu amalize kufua. Saado akacheka. Bibi arusi gani asingefurahi kuona mama mkwe ananyamazishwa na mtu mwenye sare? Jawahir akarudi kwenye mchele wake. Na Marcella, tusifiche, alikumbuka dakika ileile nyanya yake Ciakuthii wa Manyatta kule Embu, ambaye aliwakataza wajukuu kuitika mtu anapowaita kutoka kwenye mibuni mpaka wamwone ni nani. Alikumbuka, akapuuza. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Basi alimwandikia Ikran aende kituo cha afya. Saado akaenda. Daktari akampima mtoto masikio, akasikia vizuri. Akampima damu, ikawa safi. Akamtazama koo, hakuona kitu. Wakampa unga wa lishe. Regina, msimamizi wa wauguzi, alisema tatizo huenda ni mama, kwa kuwa mume wake Younis ni dereva wa lori na huwa Moyale wiki nzima, na msichana mwenye mtoto wa kwanza akibaki na mama mkwe tu anaweza kuchanganyikiwa. Marcella akakubali, kwa sababu hilo nalo lilikuwa jibu.

Wiki iliyofuata alirudi bila kutuma ujumbe, jua likiwa juu. Kabla hajafika langoni alisikia nyumba nzima ikiongea. Sauti ya kitoto ilikuwa chumbani, ikacheka, ikawa jikoni, ikarudi chumbani, na Saado akiijibu kila mara kutoka uani alikokuwa akifua, agu kwa agu, bila kukosa zamu. Ikran alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, peke yake, kimya, nzi mmoja akitembea kwenye kope. Marcella alimfukuza yule nzi na akahisi hasira ikimpanda, hasira juu ya Saado, kwani ni mama gani anayefua huku akipiga porojo na mtoto wake amekauka midomo?

Akamchukua Ikran, akaingia naye sebuleni na kukaa sakafuni. Kulikuwa na harufu ya maziwa. Si ya maziwa ya ngamia ambayo Younis huleta kutoka Isiolo, yenye moshi, bali ile ya maziwa ya mama, tamu na ya uvuguvugu, ila ilikuwa nzito mno na ilitoka nyuma ya pazia la chumbani. Marcella akamlaza mtoto mapajani. Akaweka vidole viwili kwenye koo lake, pale ambapo hata mnong'ono hutikisa ngozi, akangoja.

"Agu," sauti ikasema nyuma ya pazia.

Koo la Ikran halikutikisika, na Marcella akakaza vidole kidogo, akajiambia amekosea mahali, akavisogeza, na sauti ikaja tena, ndefu zaidi, ikipanda na kushuka kama mtoto anayejaribu wimbo, na chini ya vidole vyake hapakuwa na kitu ila mapigo madogo ya haraka, na macho ya Ikran hayakumtazama yeye bali yaliangalia pazia, yakifuata kitu kutoka chini hadi juu na kutoka juu hadi chini, na kule uani Saado akaitika kwa furaha, na sauti ikacheka, ikanyamaza, ikavuta pumzi, kisha ikasema kwa ulimi mdogo usiozoea maneno, kwa upole na kwa kutia moyo, "Vizuri, mama. Tena."

Marcella hakumbuki alivyosimama. Anakumbuka alifungua pazia kwa mkono mmoja. Kitandani hapakuwa na mtu. Palikuwa na mbonyeo kwenye godoro, wa saizi ya mtoto, na shuka hapo ilikuwa imelowa maziwa, na alipokuwa akitazama, ule mbonyeo ukainuka polepole, godoro likawa tambarare, na sauti ikaanza tena jikoni.

Jawahir alimkuta langoni akitaka kutoka na mtoto wa watu. Mama mzee hakushangaa. Alimshika kiwiko, akampeleka nyuma ya choo ambako hakuna dirisha, akamwambia kwa sauti ya chini asipaze sauti.

"Umemsikia?" akauliza.

"Nimesikia," Marcella akanong'ona. "Mama Younis, huyo ni nani?"

"Ni jini wa njia. Alikuwa anapita, akasikia mtu anaitika hata kabla hajaitwa. Kwao huko ni kukaribishwa." Akamfunika Ikran uso kwa ncha ya shuka yake. "Huyu mtoto hapo mwanzo alikuwa analia vizuri. Sasa yule anachukua zamu yake kila saa. Akicheka, Saado anajua mtoto ameshiba. Akiita usiku, Saado ananyonyesha, na taa imezimwa. Huyu wetu ameona hakuna haja ya kuita. Akikaa hivi atakauka, Sista. Hatafika mfungo."

"Kwa nini hukumwambia Saado?"

"Mimi ni mama mkwe. Nikisema chumvi ni kidogo, ni vita. Wewe ndiye ulimfundisha. Kwako ndiko atasikia."

Marcella akaona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio. Alimpigia Regina simu. Regina akamwambia atoke hapo, asijiingize katika mambo ya dini za watu, kesho watatuma gari limchukue mtoto akalazwe. Lakini Marcella alishajua kwamba wodini pia Saado angeitika, maana atakayelazwa na Ikran ni mama yake, na masikio yake angekwenda nayo. Akafunga mtandio kichwani, akabaki.

Jawahir akamwita Maalim Burale. Msidhani alikuja mzee wa ndevu nyeupe. Burale alikuwa kijana tu, asubuhi anafundisha watoto Kurani chuoni nyuma ya msikiti na mchana anauza vipuri vya lori, na alikuja na vidole vyake bado vina grisi, akaomba maji anawe. Akafukiza ubani, akamweka Ikran mbele yake, akasoma kwa sauti isiyo na haraka. Nyumba ikatulia. Harufu ya maziwa ikapungua. Kwa mara ya kwanza Marcella akasikia kuku wa jirani, na lori likipanda mlima kuelekea Maua, na akaanza kupumua. Maalim akamaliza, akajipangusa uso kwa viganja.

"Agu," ikasema sauti chini ya meza.

"Agu, hooyo," Saado akaitika, kabla hata hajajua kwamba amefungua mdomo.

Maalim akafumba macho. Akasema anaweza kusoma mpaka kesho, lakini mgeni anayekaribishwa na mwenye nyumba kila dakika yeye hana uwezo wa kumtoa. Dawa ni moja: asiitikiwe. Si na mama, si na yeyote, kutwa nzima, hata aseme nini na kwa sauti ya nani, mpaka mtoto mwenyewe atakapotoa sauti. Wa kwanza kujibiwa awe yeye. Marcella akamuuliza, je, akitoka, atakwenda wapi. Burale akavaa viatu vyake.

"Hawa hukaa mahali wanaitikiwa," akasema. "Atatafuta."

Akarudi dukani. Marcella hakulitafakari neno hilo, kwa kuwa kazi ngumu ilikuwa bado.

Saado alikataa. Alisimama katikati ya sebule, akalia na kusema kwamba walikuwa wote pamoja, sista na mama mkwe, na wanataka amnyamazie mtoto wake anayemwita. Alisema nyumba hii ilikuwa jela kabla sauti hiyo haijaanza. Younis hayupo, mama mkwe haongei ila kuhusu chumvi, na katika Muthara nzima mtu wa kwanza kufurahi kumsikia alikuwa mwanawe. Maneno hayo yalimwingia Marcella, na Jawahir naye akatazama chini. Marcella hakubishana. Alimkalisha Saado kwenye mkeka, akamweka Ikran mapajani pake, akachukua mkono wake na kuvibana vidole vyake juu ya koo la mtoto. Hawakungoja sana. Sauti ikaja kutoka chumbani, tamu, ikimwita.

Saado akavitazama vidole vyake. Sauti ikaita tena. Midomo yake ikajikunja tayari kujibu, akaiuma. Kisha akainamisha kichwa na kutazama kifua chake mwenyewe, ambako nguo ilikuwa inalowa pande zote mbili, maziwa yakitiririka hadi tumboni.

"Sista," akanong'ona, "mdomo nitafunga. Lakini mwili wangu unamjibu. Huu nitaufunga na nini?"

Hapo Marcella, kwa mara ya kwanza tangu afike, alijua la kufanya, maana hili halikuwa la majini bali la kazi yake. Titi hushusha maziwa mama anaposikia kilio, hata kilio cha mtoto wa mwenzake, na wala halisikii kukatazwa. Akamfungua Saado vifungo, akamgeuza Ikran tumbo kwa tumbo, akamgusa mdomo kwa chuchu mpaka mtoto akafungua.

"Basi aite," akasema. "Akiyaita maziwa, atakayekunywa ni huyu."

Ikran hakuwa na nguvu ya kufyonza, lakini hakuhitaji. Maziwa yalimjia yenyewe, akameza, akapaliwa kidogo bila sauti, akameza tena. Chumbani pakawa na kimya cha mtu anayefikiri. Nadhani hapo ndipo lile jini lilipoelewa kwamba linaibiwa.

Wakakaa hivyo wanawake watatu kwenye mkeka mmoja, Jawahir na tasbihi yake, Saado akiuma ncha ya shashi, kile kitambaa chake cha kichwani, Marcella vidole vyake kooni mwa mtoto, na kitu kile kikaanza kuwatafuta, kwanza kwa kicheko, agu na agu, kikizunguka nyumba kwa kasi ambayo hakuna mtoto anayeweza kutambaa nayo, kisha kwa kilio cha njaa kilichomfanya Saado atetemeke mwili mzima na maziwa yakaja kwa wingi na Ikran akanywa, kisha kwa kilio cha maumivu, kisha kwa sauti ambayo Marcella aliisikia mara moja tu wodini na aliomba asiisikie tena, ya mtoto anayekabwa pumzi, ile mikoromo mifupi yenye nafasi ndefu katikati, akajikuta ameinuka nusu na Jawahir amemshika sketi, na ilipoona hawatoki ikawa sauti ya Younis langoni ikisema amerudi, lori limepata ajali, ameumia, wamfungulie, na mama yake Younis akafumba macho na machozi yakapita kwenye makunyanzi lakini hakufungua mdomo, na ikawa sauti ya Saado mwenyewe ikimjibu mtoto, na ikawa sauti ya Marcella, sauti yake kabisa, ile ya upole ya somo, ikitoka nyuma ya shingo yake kiasi kwamba alihisi unyevu wa pumzi, "Vizuri, mama, tena, vizuri, mama, tena, tena, tena," mpaka maneno yakapoteza umbo na kuwa mlio tu, na ubani ukazimika, na harufu ya maziwa ikageuka ikawa ya maziwa yaliyochacha, ikawa ya kitu kilichokufa, ikawajaa puani na vinywani, na hakuna aliyeitika.

Kisha pakanyamaza. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na wao wakangoja huo mshindo huku jua likiondoka barazani na kivuli cha ukuta kikifika kwenye mkeka. Marcella miguu ilikufa ganzi. Alimtazama Ikran, mdomo ukiwa umeacha titi, kope zimefungwa, na akawaza kwamba labda wamechelewa, kwamba wamemnyamazia jini na mtoto pamoja, na kwamba hilo nalo litakuwa juu yake maisha yake yote.

Chini ya vidole vyake ngozi ikatikisika.

Ilikuwa sauti mbaya, kavu, yenye mikwaruzo, haikuwa agu wala aa. Kama isingekuwa vidole vyake, hata yeye angeidhania mlango. Saado akakakamaa. Shashi ilikuwa bado kinywani, macho yake yakimsihi Marcella, kwa maana sauti hii haikuwa nzuri kama ile nyingine, na alikuwa ameshadanganywa na nzuri. Mtoto akaitoa tena. Ikamshinda, ikakatika katikati.

"Ni wako," Marcella akasema. "Mjibu."

Saado akatoa shashi mdomoni. Akamjibu, kwa mkwaruzo uleule, kwa sababu alikuwa amelia mno, na Ikran akafungua macho na kumtazama mama yake, si pazia. Halafu akalia. Alilia kwa haki zake zote, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama sista anapima watoto saa hizi. Jawahir akaangua kicheko na kilio pamoja, akakishika kichwa cha mkwe wake na kukilaza begani pake. Marcella aliwaacha hivyo. Chumbani alikwenda mwenyewe, akafungua dirisha, akakung'uta shuka. Hapakuwa na harufu ya kitu.

Usiku huo alilala kidogo, na asubuhi alikuwa njiani kabla ya chai. Utulivu haukumjia. Neno la Maalim lilikuwa limemrudia alipokuwa akivua viatu: hukaa mahali wanaitikiwa. Na nani aliyewafundisha wanawake wa Muthara nzima kuitika? Akaamua kupita kila nyumba aliyowahi kuitembelea na kulirekebisha somo. Hangewaambia waache kuongea na watoto, hilo lingekuwa kosa jingine. Angewaambia maneno machache tu: tazama mdomo kwanza, ndipo ujibu. Alianza na wenye watoto wachanga, nyumba kwa nyumba, na kila alipofika alimfungua mtoto shuka, akamshika koo, akamsubiri atoe sauti, na akina mama wakamwona sista ameanza vituko. Watoto wote walikuwa wazima. Wote walilia kwenye mizani. Kufikia adhuhuri miguu ilikuwa nyepesi, na akajiambia kuwa lililotoka limetoka, limekwenda zake Isiolo na vumbi la malori.

Aliyemwacha wa mwisho ni Maxine, kwa kuwa alikuwa amemwahidi tangu zamani kumtembelea siku hiyo, na hakuwa na haraka naye. Huyu alikuwa mke wa Gedion, mkulima wa miraa kwenye mteremko wa juu ya soko, na mimba yake ya kwanza ilikuwa bado inangoja siku zake. Hapakuwa na mtoto wa kubwabwaja katika nyumba hiyo. Marcella alimkuta ameketi kwenye stuli nje ya jiko akiambua maharagwe, miguu imevimba kidogo, uso umenawiri, mkono mmoja juu ya tumbo. Gedion alikuwa shambani. Nyumba ilikuwa wazi na jua liliingia hadi ndani. Marcella akavuta gunia akakaa, akaomba maji, akafurahi kupumzika mahali ambapo hakuna wa kumsikiliza ila kuku.

Alimpima presha, ikawa sawa. Kisha akamwambia, bila uzito, kwamba lile somo la kuongelesha lina nyongeza kidogo.

"Hata mimi nilikuwa nataka kukuambia, Sista," Maxine akasema, akiyasukuma maharagwe kando. "Nimekuwa nikimwongelesha kila siku vile ulisema. Gedion ananicheka. Lakini jana jioni alinijibu."

"Alicheza tumboni," Marcella akasema.

"Hapana. Kwa mdomo." Maxine akatabasamu, na akashusha sauti kama watu wafanyavyo mtoto akiwa amelala. "Aliniuliza Sista anakuja lini. Nikamwambia ni leo."